Saa za Kusahihisha Nazo ni Saa za Kazi

Nilianza kuandika saa zangu Jumapili ya wiki ya sita ya muhula. Mezani palikuwa na insha 50, za vipindi viwili vya majadiliano, wanafunzi 25 kila kipindi. Kila insha niliipangia dakika 20: kuisoma, kuandika maoni pembeni, kisha aya moja mwishoni ya kumweleza mwandishi hoja yake imesimama wapi na imelegea wapi. Piga hesabu mwenyewe. Ni karibu saa 17, kabla sijakanyaga darasani, kabla ya kuhudhuria mihadhara ya profesa, kujibu barua pepe na kukaa ofisini kuwasubiri wenye maswali. Mkataba wangu, ule wa nusu ajira, ulitaja saa 20 kwa wiki.

Yeyote anayefundisha huku akisomea uzamivu katika chuo kikuu cha Marekani anaufahamu mkataba wa namna hiyo. Profesa anahutubia ukumbi mzima, sisi tunawapokea wanafunzi wale wale kwa makundi madogo, na sehemu kubwa ya alama zao inapita mikononi mwetu. Tunalipwa posho na kusamehewa ada. Ni kazi ninayoipenda kwa dhati. Kwa sababu hiyo hiyo naona tuache kuzificha saa zake.

Maana tunazificha, tena bila kuambiwa na mtu. Ukizidisha saa 20 unajiona mzito, unadhani mwenzako wa meza ya jirani alimaliza jana. Unamwogopa profesa wa kozi, kwa kuwa kesho utamhitaji akuandikie barua ya kukutambulisha unapotafuta ajira. Na mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, ambaye kwa kanuni hawezi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati muhula unaendelea, ana sababu moja zaidi ya kufunga mdomo. Basi unakesha, unarudisha insha kwa wakati, husemi kitu. Mwaka unaofuata idara inampa mwingine mzigo ule ule, kwani hakuna aliyelalamika.

Anayeumia hapo si mwalimu peke yake. Muhula huo alinijia kijana mmoja, insha yake ikiwa na C. Hakukaa. Alisimama kando ya mlango, karatasi ameikunja mara mbili, akaniuliza afanye nini apate B. Nikamwomba anisomee ukurasa wa kwanza kwa sauti. Akasoma polepole, na alipofika aya ya tatu akanyamaza, akairudia sentensi ile ile, kisha akasema, "Hapa nimeanza kubishana na nafsi yangu." Akavuta kiti. Tulizungumza dakika 40, na nje walikuwa wakisubiri wengine wawili. Jambo hilo sikumwonyesha mimi, alilisikia mwenyewe. Lakini ili alisikie ilibidi mtu awe na dakika 40 za kumpa, na mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu akimalizia insha 50 huwa anaitazama saa ya ukutani.

Swali la kama sisi ni wanafunzi au wafanyakazi limezungushwa miaka mingi. Kwa vyuo vikuu binafsi, bodi ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulikia mahusiano ya kazi iliamua mwaka 2004, katika shauri la Chuo Kikuu cha Brown, kwamba wanafunzi wanaofundisha kama sisi si wafanyakazi mbele ya sheria. Mwaka 2016, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, ikageuza uamuzi huo. Vyuo vya umma vinafuata sheria za majimbo yao, na huko vyama vya wafanyakazi vina historia ndefu zaidi: katika Chuo Kikuu cha Wisconsin wasaidizi wa ufundishaji, yaani wenzetu wa kazi hii, waligoma mapema, mwaka 1970. Mgomo wa Novemba 2022 katika Chuo Kikuu cha California uliwahusisha wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 na ulidumu zaidi ya mwezi. Mimi naona wote hawa wamenirahisishia mambo. Mkataba unaotaja saa upo kwa sababu kuna watu waliudai. Ni dharau kwao nikiusaini kisha niufanye kama pambo.

Nilichofanya ni kidogo sana. Nilinunua daftari, nikaandika kila siku: mihadhara, maandalizi, vipindi, barua pepe, usahihishaji. Wiki ile ya insha ilifika saa 31. Nikampelekea profesa wa kozi ukurasa ule kama ulivyo, bila malalamiko, nikamuuliza angependa nipunguze wapi. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso mkavu. Kumbe hakuwahi kupiga hesabu hiyo. Mara ya mwisho kusahihisha rundo la namna ile yeye mwenyewe ilikuwa zamani. Aliukalia ule ukurasa siku mbili, kisha akaifuta insha ya tatu, na badala yake wanafunzi wakapewa nafasi ya kuandika upya ile ya pili.

Yule kijana aliandika upya. Aya ya tatu aliitoa yote, na safari hii nilikuwa na muda wa kuisoma kazi yake mara mbili.