Umegonga kwa nyuma: ulipe tu au uende mahakamani?

Unguja hii ukigonga kwa nyuma tu kesi ishakwisha. Trafiki hajafika bado, waliokaa barazani washatoa hukumu, wewe ndie mwenye makosa, lipa faini uende zako. Ukisema utaipinga mahakamani unachekwa, unaambiwa una pesa za kuchezea.

Na wanaosema hivyo sio wajinga jamani. Dereva wa mbele hana macho kisogoni, wa nyuma ndie anaeona, kwa hiyo kuacha masafa ni kazi yake. Kwa kilomita 50 kwa saa gari inakwenda kama mita 14 kila sekunde, yani mpaka utambue taa za breki zimewaka na mguu uhame, mita 14 mpaka 20 zishapita na breki hujaikanyaga. Ndio tunaambiwa tuache sekunde mbili, kama mita 28, na mvua za masika zaidi ya hapo. Aliegonga huku anachezea simu mimi simtetei, alipe.

Lakini hizo mita 28 ndizo zinazonikera. Hebu jaribu kuziacha njia ya Mwanakwerekwe saa kumi na moja jioni! Inaingia daladala, nyuma yake vespa, halafu daladala nyengine, kila anaeingia anakula nafasi yako, unapunguza mwendo upate nyengine, anaingia mwengine tena. Sasa huyo alieingia hivi punde akikanyaga breki papo hapo kwa sababu kuna abiria kanyoosha mkono, masafa nani hakuacha? Wewe uliyaacha, yeye kayala. Trafiki akija hayo hakuyaona, anakuta boneti limebonyea huku na buti limebonyea kule, anapima, anachora, na mchoro wake unaonesha gari zilipoishia, zile sekunde tatu za kabla hazimo.

Kugonga na kuwa na hatia ni vitu viwili na watu wanavifanya kimoja. Kinachoshitakiwa kwa kawaida ni kuendesha bila ya hadhari, na kwa kuwa ni jinai anaeshitaki ndie wa kuthibitisha, wewe hulazimiki kuthibitisha kwamba huna kosa. (Na Zanzibar tuna sheria yetu ya usafiri barabarani, msiende mahakamani na vifungu vya ile ya Bara ya 1973 mlivyotumiwa kwenye WhatsApp.) Kugonga kwa nyuma ni ushahidi, tena mzito, lakini unajibika: taa za breki za mbele zilikuwa hazifanyi kazi, alikuwa anarudi rivasi, kakuchomekea ghafla, au wewe mwenyewe umesukumwa na wa tatu aliekugonga nyuma.

Halafu hiyo "lipa yaishe", mara nyingi haiishi. Ukikiri kosa mbele ya hakimu inaandikwa, na mwenzako akija kukudai matengenezo ya gari au matibabu, kitu cha mwanzo kuwekwa mezani ni kule kukiri kwako. Faini ulioiona nafuu inakuwa mlango wa deni kubwa zaidi.

Ila kupinga nako kuna gharama yake. Kesi inaahirishwa, unarudi, inaahirishwa tena, na dereva wa daladala siku asiyoingia barabarani tajiri bado anataka hesabu yake. Mashahidi ndio balaa zaidi, abiria washahamishiwa gari nyengine, na wale wa hapo mtaani wanaona muhali, dereva wa mbele mtoto wa jirani, nani atamsimamia kizimbani kumkandamiza? Ukienda na mdomo mtupu ujue mwenzako nae ana mdomo.

Kwa hiyo mimi naona apinge mwenye kitu mkononi. Piga picha kabla gari hazijasogezwa, mwambie mtu akanyage breki ya gari ya mbele na uzipige picha taa zake hapo hapo, chukua namba za simu, na kama kuna duka lina kamera muombe mwenye duka siku hiyo hiyo, maana rikodi hufutika.

Kinachonipa tabu ni kule Pemba, njia ya Chake hadi Wete usiku, umeivaa gari ya ng'ombe haina hata kitaa. Watu wanasema hapo dereva hana kosa kabisa. Sijui na hilo, maana taa zako wewe zilikuwa zinawaka, na hakimu atakaekuuliza ulikuwa mwendo gani atakuwa na haki ya kuuliza.