Majeruhi aulizwe kuhusu pombe, lakini na nani?

Wanaotaka wauguzi wazungumze na majeruhi kuhusu unywaji wao wana ushahidi. Katika utafiti wa Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, baadhi ya majeruhi walipewa mazungumzo ya mara moja ya takriban nusu saa, kisha barua mwezi mmoja baadaye. Baada ya mwaka, kundi hilo lilikuwa limepunguza vinywaji karibu 22 kwa wiki. Kundi la wengine, karibu 7. Waliofaidika zaidi ni wale ambao pombe haikuwa imewatawala sana.

Wapinzani hujibu kwamba aliyeongoza mazungumzo yale ni mwanasaikolojia. Muuguzi ana dripu za kuangalia, vidonda vya kusafisha na mgonjwa mwingine anayemwita. Ukimwongezea jukumu bila kumpunguzia jingine, maswali 10 ya AUDIT, dodoso la kupima unywaji wa pombe lililoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, yatajazwa harakaharaka ili fomu ionekane imejaa. Hoja hii ni nzito, nami naikubali.

Hofu ya mgonjwa nayo ni ya kweli. Sheria za majimbo mengi ya Marekani ziliwahi kuruhusu kampuni za bima kukataa kulipia majeraha ya mtu aliyekuwa amelewa, na baadhi ya madaktari wakaona heri wasipime pombe kabisa. Mgonjwa anapaswa kujua nani atasoma jibu lake kabla hajalitoa. Na akishasikia mtu akinong'ona "mlevi huyu tena," hakuna mafunzo yatakayoyaokoa mazungumzo hayo.

Hata hivyo, mjadala huu huchanganya kazi mbili: kuuliza na kushauri. Kuuliza ni sehemu ya matibabu yenyewe. Anayekunywa sana kila siku akilazwa, pombe hukatika ghafla. Ndani ya saa 6 hadi 24 anaweza kuanza kutetemeka na kutokwa jasho. Degedege linaweza kufuata, na kati ya siku ya pili na ya tatu baadhi huweweseka vibaya, hali inayoweza kuua. Kama aligonga kichwa, kuweweseka huko kutadhaniwa kunatokana na jeraha, au jeraha litadhaniwa ni pombe. Muuguzi asiyejua mgonjwa alikunywa lini mara ya mwisho anabahatisha.

Kushauri ni kazi nyingine. Kunahitaji muuguzi aliyefunzwa na kutengewa muda, anayemwachia mgonjwa ataje mwenyewe pombe inampa nini na inamnyang'anya nini, na anayejua wapi pa kumpeleka aliyefikia uraibu, kwa sababu huyo hatoshelezwi na nusu saa. Wodi isiyo na mtu wa namna hiyo isilazimishe kila muuguzi ajifanye mshauri. Swali la kinywaji cha mwisho liulizwe mapema, wakati wa kumpokea mgonjwa, pamoja na maswali ya mzio na dawa anazotumia.