Wanawake 11 koridoni

Mwaka 1985 Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyekulia Uingereza, aliandaa onyesho la wasanii 11, wote wanawake weusi au wenye asili ya Asia, katika jumba la sanaa la ICA, London. Liliitwa The Thin Black Line. Kumbi kubwa hawakupewa. Kazi zao zilitundikwa koridoni, mahali pa kupita watu.

Onyesho hilo hunijia kila Machi, mwezi wa Siku ya Wanawake Duniani, mialiko ya kusherehekea "wasanii wa kike" inapoanza kumiminika kwenye simu. Kuwapa wanawake onyesho lao ni kuwainua, au ni kuwazungushia ua?

Wanaopinga wana hoja nzito. Peggy Guggenheim, tajiri mkusanyaji wa sanaa, alipoandaa onyesho la wanawake 31 New York mwaka 1943, mchoraji maarufu wa Marekani Georgia O'Keeffe alialikwa akakataa: hakutaka kuhesabiwa kama mchoraji wa kike. Namwelewa. Nani amewahi kuona kadi ya mwaliko iliyoandikwa "mchongaji wa kiume"? Nimewahi kwenda kwenye onyesho moja la namna hiyo, hotuba zikala saa nzima, keki ikakatwa, kisha wachoraji wakaombwa wasogee kidogo wasizibe bango la wafadhili. Bei ya mchoro sikusikia mtu akiiulizia.

Himid mwenyewe aliuchora mtego huo wa kubembelezwa bila kupewa nafasi. Katika The Carrot Piece, kazi ya mwaka huohuo wa 1985, mwanamume mzungu juu ya baiskeli ya gurudumu moja ananing'iniza karoti mbele ya mwanamke mweusi, kama anayemshawishi punda amfuate. Wote wawili wamepakwa rangi juu ya mbao zilizokatwa kufuata maumbo yao. Mwanamke hana haja na karoti, mikono yake imejaa vya kwake. Anamgeukia tu jamaa, kama anayesema: huyu naye vipi?

Lakini huyohuyo aliyechora karoti ndiye aliyeandaa maonyesho ya wanawake weusi London kuanzia 1983. Hapo hoja ya O'Keeffe inapwaya. Yeye alikuwa na jina tayari, angeweza kukataa mwaliko na mwingine ukaja. Asiyealikwa popote atakataa nini? Tena mwanamke mmoja kati ya wanaume ishirini hugeuzwa msemaji wa wanawake wote. Wakiwa 11, kila mmoja anabaki na lake, na mtazamaji analazimika kutazama kazi.

Watetezi watakutajia matunda. Himid alitwaa Tuzo ya Turner, tuzo maarufu ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2022 Veronica Ryan akaitwaa pia, na Sonia Boyce akanyakua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia. Wote watatu walikuwa koridoni mwaka 1985. Mimi nahesabu miaka: 32 hadi Himid kufikiwa, akiwa na umri wa miaka 63. Na Tuzo ya Turner ilikuwa na kikomo cha umri wa miaka 50, kilichoondolewa mwaka huohuo wa 2017. Kingebaki, asingeingia hata kwenye orodha. Korido ilimpa pa kuanzia, sawa, lakini mlango ulifunguka kanuni ilipobadilishwa.

Kwa hiyo mialiko ya Machi nitaendelea kuiitikia. Ila nikifika, kabla ya keki, nitamwuliza mwenye ukumbi mambo mawili: amenunua kazi ipi, na nani kati ya hawa yumo kwenye ratiba yake ya Agosti.