Maziwa ya bibi: tunapima nini?

Katika mitaa ya Goma kama Majengo na Ndosho, mama anapofariki na kuacha kichanga, mara nyingi bibi ndiye anayekipokea, na pengine bibi huyo, aliyemwachisha mtoto wake wa mwisho miaka mingi iliyopita, humpa titi ili anyamaze. Hapo ubishi huanza. Wapo wanaodai kwamba maziwa ya mwanamke wa umri huo ni maji matupu, na wapo wanaoamini kwamba titi likishanyonywa litajaa lenyewe.

Wale wa kwanza wanakosea kuhusu ubora. Kinachotengeneza maziwa si ovari bali homoni ya prolaktini, ambayo tezi iliyo chini ya ubongo huitoa mtoto anapovuta chuchu. Kwa hiyo hata aliyekoma hedhi anaweza kunyonyesha, na umri peke yake hauyageuzi maziwa kuwa maji. Kinachokosekana ni dang'a, yale mazito ya njano yanayofuata uzazi.

Wale wa pili wanakosea kuhusu wingi, na kosa hili nalihofia zaidi. Tezi za titi hupungua baada ya hedhi kukoma, na maziwa huweza kuchukua wiki kadhaa kurudi, ilhali mtoto wa kilo 3 anahitaji takriban mililita 450 leo hii. Ndiyo maana hunyonyeshwa mara 8 hadi 12 kwa siku, mrija mwembamba ukibandikwa kando ya chuchu na ncha ya pili ikizama katika kikombe cha maziwa ya kopo. Kikombe kikishushwa, maziwa hupanda polepole na mtoto hulazimika kuvuta kwa nguvu. Kikiinuliwa mno, hupaliwa.

Je, si afadhali kopo peke yake? Ni bei kubwa, na familia nyingi hapa huchota maji ya Ziwa Kivu kwa bidoni, katika mji unaoijua vizuri kipindupindu. Hata hivyo, bibi apimwe kwanza virusi vya Ukimwi, kwa sababu hupita katika maziwa bila kujali umri, ingawa najua jinsi watoto wanavyoona aibu kumwomba mzazi wao jambo hilo. Dawa zake za presha nazo zionyeshwe kwa muuguzi.

Kisha mtoto apelekwe kwenye mizani kila wiki. Akiongeza gramu 125 au zaidi, maziwa ya kikombe yapunguzwe kidogo kidogo. Asipofikia hapo, yaongezwe siku hiyohiyo, bila kumlaumu bibi.