Daftari la Vipimo Lipewe Uzito Kuliko Bango

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, huku kwetu mkoani Tanga, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aitwaye Erasto Mpemba aliweka maziwa yake ya aiskrimu kwenye jokofu yangali moto, akihofia nafasi isije ikaisha. Baada ya saa moja na nusu aliyakuta yameganda, ilhali ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuliacha swali hilo. Alipofika shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kutoa mhadhara, naye akaenda kulifanyia majaribio. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo, la kilicho moto kuganda kabla ya kilicho baridi, hutokea kweli, na kwa masharti gani.

Nilimkumbuka Mpemba siku nilipoalikwa kuwa mmoja wa majaji katika mchujo wa miradi ya sayansi kwenye shule moja ya hapa mjini. Wasichana wawili kutoka katika familia za wakulima wa mwani walitaka kujua kama mwani ulioanikwa juu ya chanja hukauka upesi kuliko ule unaotandazwa mchangani. Walipima uzito kila jioni kwa siku tisa. Mwani wa mchangani ulionekana kubaki mzito, mpaka walipoukung'uta na kuupima mchanga wenyewe, wakagundua kuwa sehemu ya uzito ule haikuwa mwani hata kidogo. Siku ya sita mvua ilinyesha, uzito ukapanda, nao wakaandika hivyo hivyo bila kuficha. Jaji mwenzangu akawakata alama kwa kuwa mchoro wao wa uzito haukushuka vizuri. Ushindi ukaenda kwa mfano wa bwawa la umeme uliopakwa rangi na kuwashwa taa, kazi ya mikono nzuri kabisa, lakini isiyouliza swali lolote.

Siwalaumu vijana wa bwawa, kwani walitengeneza kile walichokwisha kuona kikisifiwa. Lawama ni yetu sisi tunaotoa alama. Mashindano ya kitaifa ya miradi ya sayansi ya wanafunzi, Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011, yamefungua mlango mkubwa, na ufadhili wa masomo ya chuo kikuu unaotolewa humo na taasisi ya Karimjee Jivanjee Foundation ni tunu kwa mtoto wa mkulima. Ndiyo maana naumia ninapoona swali la kweli likichujwa shuleni, kabla hata ya kusikika kwenye mashindano yenyewe Dar es Salaam.

Ningependa kila jaji aanze kwa kufungua daftari, si kwa kutazama bango. Aulize walipima mara ngapi, siku gani matokeo yaliwashangaza, na walifanya nini baada ya hapo. Walimu nao wawaanzishe wanafunzi mapema mwaka unapoanza, maana mradi wa wiki mbili hauwezi kuzaa chochote isipokuwa mapambo. Maswali hapa Tanga hayana uhaba: yapo kwenye mabaki ya mkonge, kwenye mikoko, na kwenye visima vinavyoingiwa na maji ya chumvi.

Wasichana wale wameamua kurudia vipimo vyao wakati wa masika, safari hii wakiwa na chanja mbili, moja ikiwa imeezekwa. Waliomba mizani inayosoma gramu, nami nimewapelekea.