Fao la kukosa ajira halisubiri mvua

Septemba 2020 kiwanda cha mbao nilichokitumikia miaka 8 hapa Mafinga kilipunguza wafanyakazi, nami nikiwemo. Tangu korona iyumbishe masoko, oda zilikuwa zimekata na mbao zimerundikana uwanjani hadi zikaanza kupauka. Sheria ya kazi ya 2004 inatoa siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliofanya kazi, mwisho miaka 10. Nikalipwa siku zangu 56. Hapo sina neno.

Linalonikaa rohoni ni michango ya hifadhi ya jamii. Kila mwezi nilikatwa asilimia 10, mwajiri akaweka 10 nyingine. Chukua mshahara wa 300,000 usiopanda wala kushuka: kwa miaka 8 hiyo ni shilingi 5,760,000. Zamani mtu alizichukua zote, ndilo fao la kujitoa. Lilipofutwa 2012, wafanyakazi wa migodini walikuja juu na serikali ikarudi nyuma. Mwaka 2018 likaja fao la kukosa ajira: theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara huo ni kama 100,000 kwa mwezi, jumla 600,000. Nyingine zinasubiri uzee.

Waliolitetea badiliko hilo wana hoja nzito, na nimeiona kwa macho. Jirani yangu mmoja alijitoa mara tatu, kila kazi ilipoisha. Fedha za kwanza zilinunua pikipiki, za pili zikaezeka nyumba, za tatu hata yeye hakumbuki. Pensheni inadai michango ya miezi 180, na kila alipojitoa alianza upya. Leo ana miaka 63 na anapasua kuni za watu. Siwezi kumtazama halafu nikadai kila mtu apewe zake zote.

Lakini fao hili limeshonwa kwa kipimo cha mtu wa Dar es Salaam, anayehitaji kula na kulipa kodi ya chumba huku akizungusha barua za maombi. Huku kwetu ukipoteza kazi wakati uchumi umelala, hakuna kiwanda cha pili cha kugonga hodi. Unarudi shambani, na shamba linataka fedha kwa mkupuo, tena kabla ya mvua: mbegu, mbolea ya kupandia, vibarua wa kulima. Kilo ya mbolea inayofika Februari haikusaidii kitu. Ukipanda parachichi za kubebesha, unasubiri kama miaka 3 kuona tunda la kwanza, wakati fao lenyewe limekwisha baada ya miezi 6.

Kwa maoni yangu, fungu alilokatwa mfanyakazi apewe lote kwa mara moja akiachishwa, na la mwajiri lifungwe mpaka uzeeni. Mfuko utapungua, ndiyo, na wapo watakaozitapanya. Ila nusu iliyofungwa inatosha kumlinda mtu kama jirani yangu asifike mikono mitupu, na nusu nyingine inampa mtaji siku anayouhitaji.

Malipo yangu ya kwanza yaliingia mahindi yakiwa yamefika magotini, majani yameanza kuwa ya njano. Nikalipa deni la dukani.