Acheni Kuipaka Dari Poda

Ushauri ule ule unazunguka tena kwenye magrupu ya ujenzi: dari ya jipsamu imepata ufa, chukua saruji nyeupe, changanya na gundi ya mbao, pitisha kwa skrepa, piga rangi, kwisha habari. Na watu wanamiminika kushukuru. Habari inakwisha kweli, mpaka miezi mitatu ipite ufa urudi palepale, umenyooka kama umepigwa rula.

Kunyooka kwake kungetosha kuwaambia kitu. Ufa wa dari unaokwenda mstari mmoja ukuta hadi ukuta kwa kawaida ni ungio la bodi mbili ambalo halikufungwa kwa tepu. Unga wa jipsamu ukishakauka unavumilia kubanwa, ila ukivutwa unakatika kama biskuti. Juu ya dari kuna kenchi, juu ya kenchi kuna bati. Saa nane mchana bati linaunguza na mbao zinakauka na kujikunja; usiku vyote vinapoa. Bodi zinavutana kila siku kwa kiasi ambacho jicho halioni, na wa kupokea huo mvuto ni tepu, ule utepe unaobandikwa juu ya ungio, uwe wa karatasi au faiba. Pasipo tepu mtajaza unga, utakatika, mtajaza tena.

Tepu yenyewe ni kiasi gani? Chukua chumba cha futi 12 kwa 12. Bodi za futi 4 kwa 8 zinaingia nne na nusu, unanunua tano. Ukizipanga safu tatu na kupishanisha vichwa, yaani kingo fupi za bodi, unapata maungio mawili marefu ya futi 12 na matatu mafupi ya futi 4. Jumla futi 36, mita 11 tu. Mtu ananunua konisi, ule urembo wa pembeni mwa dari, yenye maua na taa nane za kuchimbia, halafu anabania mita 11 za tepu!

Skrubu ndiyo msiba wa pili. Mbao za kushikia bodi zikae kila sentimita 40, skrubu kila sentimita 20. Piga hesabu: bodi nzima inalala juu ya mbao saba, kila mbao skrubu saba, hizo ni 49. Muulize fundi alitumia ngapi. Akikwambia ishirini, au akikwambia misumari, ujue dari itabonyea katikati na vichwa vya skrubu au misumari vitachomoza kama chunusi. Skrubu ya inchi moja na robo inatosha, na kichwa chake kizame kidogo tu bila kuchana karatasi ya bodi. Karatasi ndiyo inayoshika. Ikichanika, kichwa kimebaki kwenye unga mtupu. Piga nyingine sentimita 5 pembeni.

Sasa ufa ushatokea. Kabla ya yote, bonyeza kwa kiganja kila upande wake. Bodi ikicheza, ikaze kwanza. Ungio likiwa hewani bila mbao nyuma yake, itabidi mbao iingie. Kisha kwangua rangi na unga wa zamani upana wa sentimita 15 kila upande wa ufa, maana tepu iliyobandikwa juu ya rangi inaondoka na rangi. Panua ufa kwa kisu upate mfereji wa milimita 5 hivi, futa vumbi lote kwa brashi.

Unga unachanganywa kwa kutanguliza maji safi kwenye ndoo safi, halafu unanyunyizia unga juu yake. Mabaki ya mchanganyiko wa jana yakibaki ndooni, wa leo unaganda kabla hujapanda ngazi, kwa sababu chembe zilizoganda zinauharakisha. Na ukishaanza kuganda, usiuongezee maji. Utalainika, utapakika vizuri kabisa, na hautakuwa na nguvu yoyote. Mwaga.

Jaza mfereji, ngoja ushike. Bandika faiba tepu ufa ukiwa katikati yake, pitisha mkono wa kwanza wa unga upana wa sentimita 15. Ukikauka, wa pili sentimita 20 hadi 25, wa tatu 30 au zaidi. Kwenye vichwa vya bodi, ambako ukingo haukupunguzwa unene kiwandani kama kwenye kingo ndefu, tanua hadi 50, la sivyo utabaki na nundu inayoonekana kila ukiwasha taa. Tepu ya karatasi haibandikwi pakavu: inalazwa kwenye unga mbichi na kukamuliwa kwa skrepa isibaki hewa chini yake. Msasa mwepesi, praima, rangi.

Saruji nyeupe je? Saruji na jipsamu zikikutana penye unyevu hutengeneza chumvi inayovimba na kusukuma tabaka zima litoke. Kwa hiyo, dawa yenu hiyo, mvua zikianza, inaweza kuangusha magamba makubwa kuliko ufa wenyewe.

Haya, niwape haki yao kidogo. Kama ni nyufa za rangi tu, nyembamba kama unywele, zinazokwenda kila upande na bodi haichezi, pakeni unga mwembamba, msasa, rangi. Na si kila kosa ni la fundi. Mwenye nyumba anayeleta mbao mbichi kutoka gulioni na kutaka dari ndani ya wiki hiyohiyo asimtafute mchawi.

Ufa wa kati ya dari na ukuta ni kesi nyingine: viwili hivyo havitembei pamoja, kwa hiyo hapo weka akriliki inayonyumbulika na kupakika rangi. Doa la njano maana yake bati linavuja, anzia huko juu. Rangi ya maji haizuii doa, linapenya, tanguliza praima ya mafuta. Bodi iliyolowa ikabonyea hairudi, kata. Shimo la ngumi likatwe mraba, vipande viwili vya mbao viingizwe nyuma na kufungwa skrubu kutokea chini, kiraka kifungwe kwenye vipande hivyo, kisha tepu pande zote nne. Na panga boi jamani lishikwe na mbao ya kenchi, bodi haibebi kitu kinachozunguka.

Kwa anayejenga sasa: mkubaliane na fundi kabla hajapanda kwamba skimu, ule unga mwembamba wa kulainisha dari nzima, haipigwi mpaka uone dari ikiwa na tepu kila ungio. Nenda mchana, uingie hadi stoo. Sebuleni wanaweka tepu. Stoo ndiko wanakoiruka.